Tuta la Mwisho ni la Msemaji

Simu ililia nikiwa nachambua mchele. Alikuwa binti mdogo wa jirani yetu wa zamani, yule mrina asali. Alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, kisha hakuuliza habari za nyumbani, nikajua. "Dada, baba ametutoka alfajiri," akasema. "Tunamzika kesho kutwa. Aliacha neno kwamba wasifu wake usomwe na mjukuu wa yule mama aliyesemea jembe. Ndiye wewe." Nikampa pole, nikasema nitakuja, nikakata simu. Mchele nikaumwagia maji na mawe yake humo humo.

Nitakwambia ukweli, mwenzangu, mimi nimechoka na maneno. Nimeyafanyia kazi miaka thelathini na ushei katika ofisi moja hapa Tabora mjini. Mkubwa akifungua zahanati, maneno ni yangu. Mkubwa akiaga wastaafu, maneno ni yangu. Kupanda miti, kupokea wageni, kufariji waliounguliwa, yote yalipita kwenye meza yangu. Nilijua neno "mama" likae wapi ili wanawake wainue ncha za kanga wafute macho. Nilijua "jasho" lije baada ya "babu zetu", na kwamba kabla ya makofi sentensi lazima iwe fupi. Sijivuni. Ni ufundi tu, kama fundi cherehani anavyojua kukata kola.

Basi jioni ile nilikaa na karatasi, nikamwandika marehemu. Ukurasa mmoja na nusu ulitoka kwa mkupuo. Nilipousoma nikajiliza mwenyewe, na hapo ndipo nilipoacha kalamu. Nilijiuliza, wewe mama, unamliza nani, na kwa haki gani? Maana mtu huyu kuna mwaka maneno ya nyumbani kwetu yalimtoa kwake, na katika ukurasa wangu mzuri mwaka huo sikuugusa hata kidogo.

Sasa nikusimulie. Kwetu palikuwa upande wa Kwihara, pembeni kidogo ya njia kuu ya zamani, ile ya misafara. Sisi watoto hatukujua kama ni njia ya historia. Kwetu ilikuwa njia ya kwenda kisimani. Tuliishi kwenye tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa la udongo, na kiangazi michembe ilianikwa huko juu, vipande vyembamba vya viazi vitamu, na kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku na kula kwa siri. Nikikumbuka nyumbani kitu cha kwanza kinachonijia si sura ya mtu, ni harufu ya karanga zikikaangwa kwenye kigae na moshi wa kuni za miombo ulioshika hadi kwenye mashuka. Baba na mama walikuwepo, wazima, wachapakazi, lakini mimi nililala kwa Bibi, nikala kwa Bibi, na nikapigwa na Bibi. Mimi ni mtoto wa Bibi.

Na Bibi alikuwa na kazi moja ambayo siku hizi nikiwaeleza vijana wananitazama tu. Alisemea jembe. Msimu wa kulima, watu wa kwetu walikusanyika wakalima kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Walijipanga mstari mmoja, wanaume kwa wanawake, kila mtu na tuta lake. Mpiga ngoma alikaa pembeni. Mbele yao alisimama msemaji, akiwatazama usoni, akirudi kinyumenyume kadiri wanavyosogea, na akiwaita. Kwa kawaida kazi hiyo ilikuwa ya wanaume. Bibi aliirithi kwa baba yake, kwa kuwa kaka zake wote walikuwa na sauti za kuku anayeumwa mdondo, maneno yake hayo, si yangu.

Hakuimba sana. Aliita. Kila mtu alimwita kwa watu wake, na watu wa kwetu wengi walikuwa wajukuu wa wapagazi, wale waliobeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka Pwani na kurudi na vitambaa na shanga. Akimfikia aliyelegea anamwambia, wewe wa aliyevuka Ugogo bila kuomba maji, leo nyasi ndizo zimekushinda? Kwa mwanamke aliyefiwa na mume mwaka ule alisema polepole, wewe unayelima na mikono minne, miwili tunaiona na miwili hatuioni. Nakuapia, yule mama alilima siku ile kama anapigana. Nilikuwa mdogo, nimebeba kibuyu cha maji ya kunywa, na mwili ulinisisimka kuanzia kisogoni. Nilitaka na mimi siku moja nifungue mdomo watu wainue majembe.

Ila kusemea jembe kulikuwa na masharti mawili. La kwanza, siku moja kabla, msemaji alikwenda peke yake akalitembea shamba lote kwa miguu, ajue lina mawe wapi na kichuguu wapi, asije akawaitia watu kwenye kitu asichokiona. La pili ndilo lililokuwa zito. Jioni, watu wakimaliza, tuta moja la mwisho lilibakizwa. Hilo lilikuwa la msemaji. Wote walikaa chini, ngoma ikanyamaza, togwa ikasubiri kwenye mtungi, na Bibi alishika jembe akalilima tuta lile peke yake mpaka mwisho, kimya, bila mtu wa kumwita yeye. Hakuna aliyeonja togwa kabla hajamaliza. Nilimuuliza kwa nini wanamtesa, akanijibu huku akijinyoosha mgongo kwamba hawamtesi, wanamwonjesha alichowaitia.

Jirani yetu mrina asali alikaa mwendo wa kutupa jiwe kutoka kwetu. Alikuwa na mizinga ya magome iliyotundikwa porini, mke mpole, mtoto mchanga, na mama yake mzazi ambaye alikuwa haoni tangu ujanani. Sijui nikuelezeje kuhusu yule mama. Alikuwa haoni, lakini pale kwake aliona kuliko sisi. Alitoka mlangoni akafika jikoni, akatoka jikoni akafika ghalani, akipitisha vidole ukutani, na ule ukuta wa udongo ulikuwa umelainika pale vidole vilipopita miaka yote, unang'aa kama mpini wa jembe la zamani. Alibangua karanga, alipepeta mtama, alikuja kupalia moto kwetu na kurudi nao. Nikipita aliniambia, wewe mwenye kisigino kizito, pita polepole, unamwamsha mtoto.

Kisha ukaja mwaka wa kuhamia vijijini. Tulikuwa tumeusikia kwenye redio ya mwenye duka, tukausikia kwa Mwalimu, tukauimba shuleni, na haukututisha kwa kuwa nyimbo zake zilikuwa tamu. Kuishi pamoja, kulima pamoja, shule karibu, maji karibu. Hata leo sitakudanganya kwamba maneno yale yalikuwa mabaya. Yalikuwa mazuri na tuliyapenda. Tulipendezwa na neno "ndugu" hata tukawa tunaitana hivyo sisi watoto kwenye mchezo wa kombolela.

Katibu wa chama alikuja na baiskeli, kijana mwembamba, miguuni makatambuga ya tairi. Mkutanoni alitusomea kuwa kijiji kipya kimepimwa upande wa pili wa mbuga, mwendo wa saa moja na nusu kama huna mzigo, na kila nyumba ihamie kabla ya mvua. Watu waliguna, wengine wakakubali. Jirani yetu akasimama. Hakuwa mtu wa kusema, alizoea kuishi na nyuki. Akasema, "Ndugu Katibu, hapa mama yangu anaona. Mkimtoa hapa ndipo atakuwa kipofu." Akakaa. Baada ya hapo hakuna aliyetaka tena kuhama, mkutano ukavunjika.

Siku ya pili jioni Katibu alikuja kwetu. Nilikuwa jikoni nakoroga mlenda, nikasikia kila kitu. Alimpa Bibi shikamoo yake kwa adabu, akakaribishwa kigoda, akaizungusha kofia mikononi.

"Bibi, nimeambiwa hapa watu wanakusikiliza wewe."

"Wanasikiliza ngoma. Mimi nasindikiza."

"Huko kwa wenzenu waliokataa, nyumba zimechomwa. Mgambo walikuja na gari. Mimi sitaki kuja hapa na mgambo, Bibi. Lori la kuwahamisha linakuja keshokutwa. Wazee wa hapa ni wazee wangu."

Bibi akauliza jambo moja tu, kama mlimaji. "Na maji?"

"Yapo. Kisima kimeshachimbwa."

"Umeyaona?"

"Nimeambiwa," akasema Katibu, na hata mimi mtoto nikasikia sauti yake ikipungua.

Bibi angeweza kwenda kuangalia. Ndilo lililomtafuna baadaye, na ndilo linalonitafuna mimi hadi leo nikilifikiria. Mwendo wa saa moja na nusu tu. Kila shamba alilolisemea maishani mwake alilitembea kwanza kwa miguu yake. Lakini zilikuwa zimebaki siku mbili, alikuwa na hofu ya moto, magoti yalimsumbua, na nadhani, Mungu anisamehe, alijiamini. Alijua akiita watu watainuka, na kujua hivyo kulimtosha. Akamkubalia Katibu.

Asubuhi ya kuhama lori lilikuja kubeba wazee na mizigo mizito, likatangulia. Sisi wengine, habari ya nyumba zilizochomwa ikiwa imeshatufikia, tulijifunga mikeka na masufuria. Tulipopita kwa jirani, yeye alikuwa amekaa mlangoni, hajafunga kitu, mama yake ndani anapepeta kama siku zote. Watu wakasimama. Mpiga ngoma alikuwa na ngoma yake begani, hakuigusa. Bibi akatua mzigo wake, akaenda akasimama mbele ya jirani, akamtazama usoni kama anavyowatazama shambani.

"Wewe wa aliyekwenda Pwani akarudi," akamwita. "Wewe wa bega lisiloshuka. Babu yako alishikwa na homa njiani, wenzake wakamwambia kaa hapa. Akawaambia, wa kukaa ni mzigo, mimi nakwenda. Akainuka, akauchukua na mzigo. Leo wewe mzigo wako ni aliyekubeba tumboni. Inua, twende. Maji yapo mbele."

Nilimwona jirani anavyobadilika. Kwanza taya, kisha mabega. Akaingia ndani, akatoka na mama yake mgongoni, amemfunga kwa kanga kama mtoto. Wanawake walilia. Mpiga ngoma akaanza kupiga, na Bibi akatangulia akirudi kinyumenyume, akiita mmoja mmoja, tukaifuata sauti yake tukiacha milango wazi. Mimi nilijaa majivuno kifuani hata sikuhisi mzigo. Yule ni bibi yangu, niliwaambia watoto wenzangu, kana kwamba hawakujua.

Tulifika jua likiwa utosini. Palikuwa na vigingi. Mistari mizuri ya vigingi, minyoofu, kila nyumba na kigingi chake. Katikati palikuwa na shimo refu, na ngazi ya miti imeegemezwa ndani. Wanaume walichungulia. Mmoja akatupa jiwe, tukasikia jiwe likigonga jiwe.

Jirani alimtua mama yake kwenye kigingi chao. Yule mama akanyoosha mkono kulia, akanyoosha kushoto, akapapasa mabua yaliyokatwa, akauliza kwa utaratibu kabisa, "Ukuta uko wapi?" Jirani alikwenda akaliangalia lile shimo, akakaa pale kidogo, kisha akaja mpaka aliposimama Bibi. Sikuona hasira usoni mwake. Ningeona hasira ingekuwa nafuu.

"Mama," akasema, "maneno yako yalikuwa mazuri."

Basi. Akarudi kwa mama yake.

Kuanzia kesho yake Bibi aliamka kabla ya jogoo, akachukua ndoo yake ya bati, akashika njia ya kurudi tulikotoka. Kisima cha zamani kilikuwa bado na maji. Mama yangu aliteka maji ya nyumba yetu, kama walivyofanya wanawake wote siku zile, lakini ndoo ya Bibi haikuwa ya nyumba yetu. Aliibeba mwendo wote huo, magoti yakilia, akaitua mlangoni kwa jirani, kwenye kibanda chao cha nyasi, na akaondoka bila kubisha hodi. Kesho yake vilevile. Mimi nilimfuata na kibuyu changu, nikinung'unika njia nzima. Tulipita kwenye mahame yetu kila siku. Mapaa yalianza kubonyea, mbuzi wa watu walilala kwenye vyumba, na michembe niliyoisahau juu ya paa iliota ukungu. Ule ukuta uliong'aa nao ulikuwepo. Siku moja nilimwona Bibi akiupitishia vidole taratibu, mpaka mwisho wake.

Jirani hakuwahi kusema ahsante, na Bibi hakuwahi kusema samahani. Ila kila jioni ndoo ilirudi. Tuliikuta mlangoni kwetu imesuguliwa kwa majivu, imepinduliwa kifudifudi isiingie vumbi.

Katibu naye alikuwa akija. Alihamia pale pale kijijini, akajenga kibanda kama sisi. Siku moja aliketi kwa Bibi akaomba maji ya kunywa, akapewa kikombe, hakunywa. "Bibi, na mimi niliambiwa," akasema. Bibi akamwambia, "Najua, mwanangu. Kunywa." Sijui kama unaweza kumchukia mtu wa namna hiyo. Mimi nilishindwa.

Yule mama hakuinuka sana tena pale alipotuliwa. Walimfungia kamba kutoka mlangoni mpaka jikoni ajifunze njia, akaishika siku mbili tatu, akaiacha. Nilipopita nilikanyaga kwa kisigino makusudi, nikingoja aniseme. Hakunisema. Alifariki kabla ya mvua. Watu walisema ni uzee tu. Labda ni uzee. Bibi aliteka maji ya kumwoshea maiti, na siku ya pili alfajiri nikamwona tena anachukua ndoo. Nikamwambia, Bibi, mwenye maji ameshakufa. Akaniambia nivae viatu.

Mvua zikaja, shamba la pamoja likalimwa. Watu walijipanga mstari kama zamani, na wote wakageuka kumtafuta Bibi. Alikuwa kwenye mstari, na jembe mkononi, kama mtu yeyote. Mpiga ngoma alimngoja, kisha akaanza peke yake, kisha akaacha. Baada ya hapo bwana shamba alileta filimbi. Ikipulizwa mnaanza, ikipulizwa mnaacha. Mazao yalitoka, sisemi hayakutoka. Lakini sikumsikia tena mtu akiitwa kwa babu yake. Mpaka anakufa, Bibi hakusemea jembe tena.

Mimi nikawa naipata shuleni ile ladha ya kuinua watu kwa maneno. Mwalimu wetu wa darasa aligundua sauti yangu, akanipa ngonjera ya kuwasomea wageni siku ya mavuno. Beti zake zilikuwa za jasho, umoja na kujitegemea. Niliutupa mkono juu, nikaushusha, nikanyamaza pale pa kunyamaza. Wageni walisimama. Katibu alifuta macho. Nilikimbia nyumbani nikamkuta Bibi anabangua karanga, nikaisema yote mbele yake, na mikono na kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umesema vizuri sana, mjukuu wangu," akasema. "Na tuta la mwisho utalima wewe?"

Nikamwambia, Bibi, hii ni ngonjera, haina tuta. Akanitazama, akarudi kwenye karanga zake.

Msimu wa asali wa mwaka uliofuata, jioni moja ndoo ilirudi ikiwa imesimama wima. Ndani mlikuwa na sega la asali, limefungwa kwenye majani mabichi. Bibi aliyafungua majani. Akasema, "Haya." Tukala na viazi vikavu vya kuchemsha, na akanikatia kipande cha pili. Aliendelea na ndoo yake miaka miwili kasoro, mpaka serikali ilipoleta bomba la mkono na kila mtu akateka mlangoni kwake. Siku ile aliipindua ndoo nyuma ya nyumba na hakuichukua tena.

Yaliyofuata unayajua. Nilisoma, nikaja mjini, nikawa msemaji wa watu wengine. Mwenzangu, nimewaambia watu wavumilie ukosefu wa maji, kwa ufasaha mkubwa, nikarudi nyumbani kuoga kwenye bomba langu. Nimewaandikia vijana waipende ardhi na sijashika jembe tangu Bibi alipofariki. Nimewaliza wafiwa nisiowajua majina. Hakuna shamba nililolitembea kwanza. Nadhani uchovu wangu unatoka huko, si kwenye kazi yenyewe.

Siku ya maziko nilifika asubuhi. Kijiji kimekuwa kikubwa, mabati kila mahali, maduka ya simu, bodaboda zinapiga honi msibani. Njiani nilipita kwenye mahame yetu, pamelimwa tumbaku, hakuna hata kichuguu cha kukuonyesha palikuwa na nyumba. Binti mdogo wa marehemu alinipokea, akapiga goti kunisalimia, akanivuta pembeni.

"Baba aliniachia neno la kukupa," akasema. "Alisema, watu wengi wamenisemea maishani. Yule mama peke yake ndiye aliyerudi kulima."

Nikamwomba maji. Nilikuwa sina kiu, nilitaka tu aende. Bibi alikufa hajalisikia neno hilo. Angekuwa hai ningemkimbilia kama nilivyomkimbilia na ngonjera, nimwambie Bibi, wamekwambia umemaliza, inuka sasa unywe togwa. Ningetoa ofisi yangu yote na makofi yangu yote kwa kumwona uso wake akilisikia. Nililia pale nyuma ya banda la kuku, kilio kibaya, kisicho na mpangilio.

Makaburini, katekista alipomaliza sala aliniita. Nilikuwa na ukurasa wangu na nusu kwenye mkoba. Sikuutoa. Nilisogea ukingoni, nikamtazama alipolala, nikamwita kama Bibi alivyomwita. Wewe wa aliyekwenda Pwani akarudi. Wewe wa bega lisiloshuka. Sauti yangu ilikwaruza. Bikizee mmoja nyuma aliinua kichwa ghafla, akashika mdomo. Wengine walinitazama kwa heshima tu, na kijana mmoja alikuwa akisoma simu yake. Sikumlaumu. Hajui Pwani ilikuwa mbali kiasi gani, na hakuna aliyemwita kwa babu yake hata mara moja. Maneno yale yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa shimoni. Nikasimulia basi, bila kupamba, habari ya lile shimo la maji na ya ndoo, nikasema bibi yangu ndiye aliyemtoa kwake.

Vijana walianza kufukia. Nilimfuata mmoja, nikamwomba jembe. "Bibi, tuachie sisi," akasema. Nikamwambia hata kidogo tu, baba. Akanipa. Nilivua viatu vyangu vya mjini, nikavuta udongo, nikavuta tena, mgongo ukaniuma kuanzia mara ya tatu. Nilikwenda mpaka upande wa miguuni ukajaa, na ilinichukua muda, na wote walikaa kimya wakingoja. Nilipomrudishia kijana jembe lake viganja vilikuwa vinaniwaka. Hakuna aliyepiga makofi.